Tarakimu Zinazohama Viti

Kila akikaa mezani, yule mwalimu mstaafu wa hesabu huchovya kidole kwenye chai na kuandika 142857 juu ya meza. "Zidisha kwa mbili, kwa tatu, mpaka sita," husema kwa sauti ya darasani. "Tarakimu ni zilezile, zinahama viti tu!" Binti yake aliichoka namba hiyo tangu utotoni.

Siku mama alipozidiwa, binti alitoka chumbani mbio. "Baba, mama anakuita. Hali yake si nzuri."

Kidole hakikusimama. "Subiri, mwanangu, nimefika saba. Kwa saba zinatoka tisa tupu!"

Binti akarudi, akaushika mkono wa mama.

"Anakuja?"

"Yuko njiani, mama," akadanganya.

Mama alikata roho akiutazama mlango.