Katekista wa Ghala la Pamba

Mayige alimwoa dada yangu Domitila, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Na hapa Sapiwi hakuna anayejua kumsema mtu kama mimi, niliyeacha shule darasa la nne baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha.

Shemeji yangu huyu amekuwa katekista miaka thelathini na mmoja. Padre alikuwa akifika mara moja kwa miezi miwili. Jumapili zote zilizobaki ni Mayige: afungue mlango, afagie uchafu wa popo, asomee watu, azike wafu, afunge. Mwaka jana kanisa jipya likakamilika kule barabarani, lina vigae na katekista kijana mwenye pikipiki. La zamani Padre akaliombea, akabeba vitu vitakatifu, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni jengo tu. Chama cha ushirika kikaliomba liwe ghala la pamba. Mayige akafurahi kama ng'ombe aliyefunguliwa nira. Miguu imevimba, mgongo umegoma. Alitaka kitu kimoja: akabidhi ufunguo, akalale.

"Mwalimu, tushikie kwanza msimu uanze," akasema Athanasi, katibu wa ushirika. "Ule mlango unakujua wewe."

Msimu ukaanza. Mizani ikatundikwa pale ilipokuwa altare. Sasa tazameni vituko vya Wasukuma wenzangu. Mtu anafika na furushi lake la pamba, anamwona Mayige mlangoni, analitua chini, anavua kofia, anavua na kandambili. Ndani wananong'ona. Karani anataja kilo, hakuna anayebisha. Ndalahwa, ambaye pamba yake huwa na mchanga kuushinda mto Simiyu, mwaka huu alileta nyeupe, kavu, iliyochambuliwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Nitamtiliaje mchanga mtu aliyemzika mama yangu?"

Athanasi akaona hiyo ni neema. Mayige alipokwenda mara ya pili kurudisha ufunguo, katibu alikataa kuupokea.

"Ukiondoka wewe, Mwalimu, hawa watu watageuka."

"Mwanangu, nimechoka."

"Kaa tu kwenye kiti. Usifanye kazi yoyote. Wauone tu uso."

"Uso ndio uliochoka."

Jioni Domitila akamkanda miguu kwa maji ya moto. Nami nikamshauri, maana ushauri ndiyo fani yangu: "Shemeji, mwibie mtu kilo mbili, kesho watakufukuza." Hakucheka. Mtu asipocheka utani wangu, ujue anaumwa.

Wiki ya tatu, Jumanne mchana, joto la kukunja mabati, miguu ikamshinda Mayige. Akaingia ndani na viatu vyake na kofia yake, akapanda juu ya lundo la pamba kando ya mizani, akalala. Akakoroma. Wakulima wakaja mmoja mmoja, wakamtazama, wakasubiri aamke aone aibu. Hakuamka. Ndalahwa akaivaa tena kofia aliyoivua mlangoni.

"Kumbe ni ghala," akasema kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alhamisi mchanga ukarudi kwenye pamba. Ijumaa watu wakakunjana mashati mbele ya mizani. Jumamosi Athanasi alikuja mwenyewe nyumbani, akakataa kiti, akasema amepata mlinzi kutoka Lalago, ana rungu, hivyo anaomba ufunguo. Ulikuwa umefungwa kiunoni kwa Mayige kwa kamba ya ngozi. Vidole vyake vikahangaika na lile fundo mpaka Domitila akamfungulia.

Jumatatu nilimkuta kitandani saa tatu asubuhi, jambo ambalo hata mimi, bingwa wa usingizi, niliheshimu. Makelele ya ghalani yalikuwa yanafika mpaka uani.

"Mwangaluka, shemeji," nikamwamkia. "Unawasikia?"

"Nawasikia."

"Ndalahwa huyo. Anasema mizani inampunja."

Akainua kichwa kidogo, akasikiliza.

"Si uende ukasimame mlangoni kidogo?" nikamtania.

"Nilishasimama," akasema, akavuta shuka, akageukia ukutani.