Namna Tatu za Kuchuchumaa na Vyungu

Ilianza Jumanne, saa kumi jioni, nilipotoka shule ya misheni. Mama alikuwa amelala mkekani, goti limevimba kama boga. Baba alikuwa safarini tangu mwezi uliopita, akibebeshwa mizigo ya Wajerumani. Ghalani hamkubaki kitu. Kesho yake wanawake wa ufukweni kwetu, kando ya ziwa, walikuwa wanapeleka vyungu sokoni Ngonga kubadilisha na mpunga, na vya mama vilikuwa tayari: vitano, vimefungwa kamba kuwa mzigo mmoja. Ilibidi nivipeleke mimi.

Kwetu hakuna anayemtwika mwenzake vyungu. Vikivunjika, lawama ni ya aliyegusa. Usipoweza kuinuka navyo peke yako, unabaki.

"Haya, inuka nikuone," alisema shangazi, aliyeongoza safari.

Niliweka ngata kichwani, nikachuchumaa miguu pamoja, magoti yamebana, kama tulivyofunzwa wasichana. Nikaupandisha mzigo pajani, kisha kichwani. Visigino vikanyanyuka. Nikayumba.

"We binti, unabeba vyungu au unasalimia wakwe?"

Wasichana wawili waliokuwa naye wakacheka. Nikajaribu goti moja chini. Hapo shingo inatulia, lakini kazi yote inaangukia paja moja, nalo langu lilitetemeka. Nilifika nusu, nikarudi chini. Vyungu vikagongana.

"Kimevunjika?" mama akaita kutoka ndani.

"Bado," shangazi akajibu.

Namna ya tatu niliijua, maana mama huifanya kila safari: miguu wazi kupita mabega, vidole vimeelekea nje, visigino chini kabisa. Lakini mwalimu wetu alikuwa amesimama njiani anatazama, na mimi hata kumjibu swali darasani naona haya. Nilibaki nimechuchumaa na mzigo kichwani, nikisubiri apite. Hakupita. Mapaja yakaanza kuwaka moto.

Shangazi akainama sikioni pangu. "Mwalimu ndiye atakayewapikia kesho?"

Nilipanua magoti, nikasukuma ardhi kwa visigino. Nguvu ilitoka makalioni, mahali ambapo sikujua kama nina nguvu. Nikasimama. Sikumtazama mwalimu, sijui aliona nini.

"Ndaga, mwanangu," mama alishukuru kutoka ndani.

Asubuhi yake mapaja yaliniuma hata nikashika mti nilipokwenda haja. Kisha nikachuchumaa miguu wazi mbele ya watu wote, nikainuka na mzigo, nikaingia wa nne katika mstari wa kwenda Ngonga.