Mume wangu hawezi kumnyang'anya "mama yake" simu, na mama huyo ana miaka kumi na sita

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, naishi Tetu, na kazi yangu ni kupima majani chai katika kituo cha kununulia. Nimeolewa na mwanamume asiyekunywa, asiyenipiga na asiyelala nje. Nayasema haya mapema ili wale wa "achana naye" wapumzike. Shida yake ni moja: anamwogopa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni binti yetu wa kwanza. Kama ilivyo desturi yetu, alipewa jina la mama mzazi wa mume wangu. Hapa nitawaita wote wawili Wambui. Wasomaji wa huku mnajua: binti akibeba jina la mama yako, unamwita mama. Ni utani mzuri mtoto akiwa mchanga. Mume wangu hakuambiwa kwamba ni utani.

Wambui mdogo alikuwa mkimbiaji. Tangu akiwa mdogo alishuka bonde letu na kupanda ng'ambo kwenda shule, jioni akarudi vivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia hayo ni mazoezi. Chakula cha jioni alikila akisinzia. Akaanza kushinda mbio, akashinda tena, mpaka kocha wa shule moja ya bweni mjini Nyeri akaja nyumbani kutuambia shule yao itamchukua bila karo, mradi akimbie vizuri kwenye majaribio.

Baba yake alifurahi, akamnunulia simu. Halafu akamtafutia mtu wa bodaboda wa kumpeleka shule na kumrudisha. "Mama hawezi kupanda hicho kilima kwa miguu mimi nikiwa hai," alisema. Mama yake halisi, yule aliyemzaa, hupanda kilima hichohicho kila Jumapili kwenda kanisani, na mwavuli wake mkononi. Hajawahi kuitiwa bodaboda.

Kuanzia hapo msichana aliacha kulala. Simu inaingia naye chini ya blanketi, na asubuhi namwamsha mtu mwenye macho mekundu anayepiga mswaki akiwa ameegemea ukuta. Jumamosi haonekani mpaka adhuhuri. Mazoezi yote aliyobaki nayo ni kutoka kitandani hadi kwenye pikipiki.

Siku ya majaribio alianza vizuri, halafu akaketi kwenye nyasi wenzake wakiendelea. Kocha akanivuta kando. "Mama, huyu mtoto analala saa ngapi?" Nikamwambia ukweli. "Miguu iko," akasema. "Ni usingizi hakuna. Nitamwangalia tena shule zikifunguliwa. Baada ya hapo nitachukua mwingine."

Mume wangu alikuwa na maelezo yake. Kwanza ilikuwa wivu wa majirani. Kisha ikawa upungufu wa damu, akaleta bitiruti gunia zima, tukanywa juisi nyekundu sisi wote isipokuwa ng'ombe. Nilipochoka nikamwambia mezani, "Chukua hiyo simu jioni, umrudishie asubuhi."

"Wewe unaweza kumnyang'anya mama yako simu?"

"Mama yangu yuko Wang'uru analima mpunga. Huyu nilimzaa mimi."

"Sawa, ulimzaa. Lakini jina ni la nani?"

Wambui hakuinua macho kutoka kwenye kioo cha simu. "Baba, mwambie mama aache kelele. Niko na stress."

"Umesikia?" akaniuliza mume wangu, kwa heshima yote. "Mama ako na stress."

Nikaona nimpelekee kesi mwenye jina. Shosho, yaani mama mkwe wangu, anaishi nyumba ya pili katika boma letu na hana mchezo. Alinisikiliza akimenya viazi, akasema, "Hiyo simu iletwe hapa. Mimi ndiye Wambui wa kwanza." Ikaletwa. Mume wangu hakuthubutu kufungua mdomo, kwa kuwa mama mmoja alikuwa amemwamuru mwingine. Niliamini mambo yamekwisha.

Mambo hayakuwa yamekwisha. Shosho hakujua kuifungua, kwa hiyo alimwita mjukuu amfungulie. Mjukuu akamwonyesha harusi za watu, kisha mahubiri, kisha mafundi wa Uchina wanaojenga nyumba kwa matope. Sasa wanalala chumba kimoja, yaani hawalali. Juzi asubuhi niliamshwa na ng'ombe akilia hajakamuliwa. Nikaenda kugonga mlango wa shosho, maana yeye ndiye hukamua, nikamkuta mume wangu amesimama nje na ndoo, kidole mdomoni.

"Usipige kelele," akaninong'oneza. "Mama zangu wamelala."

Akaenda kukamua mwenyewe. Hajakamua tangu tuoane, na ng'ombe alimweleza hivyo kwa teke. Gari la maziwa likapita bila sisi.

Nimeamua Wambui mdogo aende kwa mama yangu Wang'uru likizo yote iliyobaki, bila simu. Kule njia za kando ya mifereji ya mpunga zinafaa kukimbilia, na mama yangu akizima taa, taa imezimwa. Mume wangu anasema nikimtoa msichana hapa nitakuwa nimemfukuza mama yake kutoka boma lake, na ukoo utaniita nijibu. Anasema pia kwamba mwenye haraka ni kocha, si sisi. Msichana anasema bila simu haendi. Nikarudi kwa shosho, nikitumaini heshima ya uzee itanisaidia. Alinijibu macho yakiwa kwenye kioo: "Mpeleke. Lakini simu ibaki, na kwanza anifundishe kuifungua."

Shule zinakaribia kufunguliwa na nafasi ni hiyo moja. Msiniambie niombe, naomba tayari. Msiniambie tuketi kama familia, tumeketi mpaka viti vimechoka. Ninyi mliozaa "mama" za waume zenu, niambieni: nimpandishe gari nikajibu ukoo nikirudi, au ningoje baba yake akue?