Kijiti cha Mwisho Kulia

Fundi wa redio mjini Kitale alipofungua ekwalaiza ya marehemu baba juzi, harufu ya unga wa mahindi ilinifikia kabla hajasema neno. Nimehama miji mingi nikiibeba ekwalaiza hiyo.

"Mama, vijiti vingine viko sawa," fundi aliniambia. "Hiki cha mwisho tu ndio kimelegea."

Ni kisanduku cha kurekebisha sauti ya gitaa la umeme, kikuukuu hata wakati ule baba alipokinunua, miaka ya elfu mbili ikianza. Vijiti vya kushoto hupandisha sauti nene, vya kulia nyembamba. Baba aliendesha mashine ya kusaga mahindi Kamukuywa. Jumapili alipiga gitaa kanisani, unga ungali kwenye nyusi.

Nilikuwa darasa la saba kijiti cha mwisho kulia kilipoanza kupanda. Gitaa likalia kama msumari ukikwaruza bati. Sisi watoto tuliziba masikio tukicheka.

"Baba Nekesa, hiyo gitaa inatukata maskio," mwalimu wa kwaya alimwambia. "Ikilia hivyo tena, Bungoma tutaenda bila wewe."

"Si ni vile mmezoea ngoma tu, bana," baba alijibu. Lakini jioni ile hakumaliza ugali. Mkutano wa Bungoma aliungoja kuliko Krismasi.

Tangu hapo, baba akifumba macho kuomba, mama aliinama karibu na kisanduku kama anayeokota leso, akakishusha kile kijiti. Jumapili iliyofuata kilikuwa juu tena. Nilidhani ni mchezo wao.

Bungoma kwaya ilipanda jukwaani, na mama alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, hawezi kufika. Mimi nilikaa mbele. Nilimwona baba akikitazama kile kisanduku kitambo. Kisha akakishusha kijiti mwenyewe, palepale mama alipozoea kukiweka, akapiga. Watu walisimama.

Kumbe alijua siku zote kwamba mama hukishusha. Mashine ilikuwa imemla masikio, ikianza na sauti nyembamba; alipandisha ili asikie tulichosikia sisi. Hayo niliyaelewa nikiwa mtu mzima.

Siku ile, tukitoka ukumbini, alimwuliza mama, "Umeskia vile imelia?"

"Imelia vizuri, Baba Nekesa."

Nilifikiri anajisifu. Alikuwa anauliza.