Ruhusa ya Mama Mkubwa

Uhandisi wa mitambo nausoma kwa vipande. Mchana niko kiwandani, jioni niko chuo cha ufundi hapa Buffalo, na Jumapili niko kanisani nasinzia, Mungu ananijua. Aliyenisukuma kuanza ni baba mkubwa, mume wa dada yake mama. Tulipofika Marekani alinilaza sebuleni kwake Louisville. Hata baada ya wao kuhamia Columbus na mimi kuja huku, alinipigia simu kila Jumapili. Salamu fupi, kisha swali lile lile: "Masomo iko namna gani?"

Alifariki wiki ya mtihani wa vitendo. Unapewa chuma na mashine ya kukereza, unachonga mhimili uingie kwenye pete yake bila kukwama wala kulegea. Ukikosa kufika, unarudia mwaka mzima. Nikaenda Columbus bila kumwambia mwalimu neno. Kwetu mtu akifiwa haombi ruhusa, kilio chenyewe ndiyo ruhusa. Na ukishakaa kwenye matanga huondoki kabla ya maziko.

Basi nikakaa. Nyumba yao ya mtaa wa Northland ilifurika, viti vikapangwa hadi kwenye maegesho, akina mama wakasonga ugali katika sufuria za kuazima. Nilibeba viti, nikabeba maji, nikajitahidi kutofikiria mtihani. Alhamisi mama mkubwa akaniita kwenye mkeka wake.

"Weye, examen yako ni kesho, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Lakini..."

"Bon. Rudia Buffalo. Kulia, tutalia sisi. Kuzika ni kesho kutwa, siku ya posho, utatukuta."

"Mama, watu watasema."

"Waseme! Mwenye alikufa alikuwa anauliza masomo yako kila Siku ya Mungu. Ukiikosa juu ya kilio yake, donc mimi nitamuambia nini?"

Nililia pale kuliko nilivyolia siku nilipopata habari ya kifo. Nikitoka, mzee mmoja kwenye maegesho akasema bila kupunguza sauti, "Huyu alishakuwa Mumarekani." Hasira zangu haziko mbali, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, nikawasha gari.

Chuma hakijui msiba wa mtu. Ukikiendea kwa pupa kinakuaibisha, kwa hiyo nilikereza polepole, machozi nikiyafuta kwa bega. Mwalimu akausukuma mhimili kwa kidole gumba. Ukateleza ndani ya pete, ukatulia. Nikafaulu. Hapo ndipo nilipomweleza kuhusu msiba. Sheria ya karakana ni kwamba kila mwanafunzi husafisha mashine yake kabla ya kuondoka. Yeye akachukua brashi mkononi mwangu, akaniambia niende, ataisafisha mwenyewe. Namshukuru hadi leo.

Nilifika Columbus jioni ile ile, sijanawa. Yule mzee alikuwa kwenye kiti chake. Mama mkubwa akanyoosha mkono, nami nikampa kifundo cha mkono, kama anavyosalimia mtu mwenye mikono michafu. Akakikataa. Akashika kiganja chenyewe, cheusi kwa mafuta, akakiinua mbele ya watu wote.

"Muone," akasema. "Huyu hakukimbia kilio. Alienda kumalizia baba yake kazi."

Kisha akanikalisha mkekani kando yake, na mkono ule hakuuachia mpaka nyimbo zikaisha.