Siku Bibi Alipogeuka Mguu wa Breki

Juzi nilipeleka kigari changu kwa fundi hapa Black Rock, upande wetu wa Buffalo ulio kando ya mto, maana kila nikifunga breki kilikuwa kinalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Fundi mwenyewe ni kijana mwenye haraka zake. Akaniambia niingie ndani nimsaidie kukanyaga. Yeye akajilaza chini kwenye gurudumu, akaanza kupaza sauti: kanyaga! shika! achia! Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna dada. Nami badala ya kununa nikacheka mpaka machozi yakanitoka, yule kijana akachomoa kichwa kuangalia kama niko mzima. Ningeanzia wapi kumweleza? Lakini wewe rafiki yangu una muda, na chai ipo, kwa hiyo wewe utasikia.

Nimekulia Newburg, kule Louisville, kwenye maghorofa ya matofali ambako ungeweza kujua nani anaishi wapi kwa pua tu. Kwetu ilinuka sombe, yaani kisamvu. Kwa Warundi wa juu, maharage yenye mawese. Kwa jirani yetu Mtanzania wa chini, siku ya Ijumaa, pilau, na sisi watoto tulikuwa na shughuli nyingi sana za kupita mlangoni kwake saa hizo. Hiki Kiswahili changu unachokisikia kilinyooshwa na mke wa jirani huyo. Cha nyumbani kilikuwa cha Uvira, kule Kongo, kimejaa donc na bon za Kifaransa, na mama huyo akinisikia alikuwa akishika kiuno na kusema, "Jamani, mtoto huyu, haya rudia tena vizuri." Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kazi zote. Mama alitwanga majani ya sombe kwenye baraza, pu, pu, pu, mpaka wa ghorofa ya chini wanagonga dari. Mimi nilikuwa na kikapu cha nguo za kuteremsha kwenye mashine za kufulia, na mchele wa kuchambua, ingawa mchele wa Amerika hauna hata jiwe moja. Bibi alisema mchele usiochambuliwa hauna adabu, basi nikauchambua.

Na Baba alikuwa na gari. Sisemi kile kigari cha kwendea kazini, kile kilikuwa debe tu. Nasema gari! La zamani kuliko yeye mwenyewe, jekundu, pua ndefu, milango miwili mizito, injini ya silinda nane. Likiwashwa, vikombe vilicheza kabatini. Alilipata limekufa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, akalifufua kidogo kidogo. Mama alikuwa akiliita mke mwenza. Wageni wakimwuliza Baba yuko wapi, anajibu, "Leo ni zamu ya mwenzangu," na kuendelea kutwanga.

Lakini usidhani lilikuwa gari la kuringia tu. Kule kwetu Baba aliendesha lori la mizigo kati ya Uvira na Bukavu, kwenye zile kona za mlimani ambazo watu walikuwa wanashuka na kutembea kwa miguu kwa hofu. Watu wote walimwita Shofere. Hata kanisani, hata padri. Huku Louisville alisukuma maboksi kwenye ghala, na msimamizi wake alimwita kwa jina la mtu mwingine, naye akawa anaitika tu. Alipokaa nyuma ya usukani wa gari lile, mgongo wake ulinyooka. Mimi niliuona ukinyooka, na nilikuwa mtoto.

Sasa tatizo lilikuwa breki. Breki za magari ya zamani ni ngumu, na mwenye gari wa kwanza alikuwa ameichezea injini ili iwe na nguvu zaidi, kumbe injini ikichezewa hivyo haivuti tena hewa ya kutosha kuisaidia pedeli. Kusimamisha chuma kile kulitaka mguu wa tembo. Na Baba goti lake la kulia lilikuwa limeumizwa na paleti ya mizigo kule ghalani. Akawa anakanyaga breki kwa miguu miwili, meno yamekazwa. Siku moja, karibu na shule yangu, taa ikawa nyekundu na sisi tukapita mstari mzima kabla hatujasimama. Watoto waliokuwa wakivuka walirudi nyuma wakikimbia. Hakuna aliyeguswa. Mama alishika mlango kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Nyumbani akasema. Kuna mwanamume wa mtaa wa pili aliyekuwa akigonga mlango kila mara akilitaka lile gari. Mama akasema, kama mpaka Jumamosi halisimami kwa mguu mmoja, Jumapili huyo bwana analichukua. Na ubaya wa wakati! Mama mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa anaolewa Columbus, na Baba alikuwa amekwisha kuahidi mbele ya ukoo wote kwamba yeye mwenyewe, Shofere, atamfikisha bibi arusi kwa gari lake. Bibi naye, mama yake Mama, akaongeza la kwake, kwa kumwambia Mama ili Baba asikie: "Mutoto wangu hatapanda kitu isiyojua kusimama." Baba alitoka nje akakaa kwenye gari, hakuliwasha.

Aliyemwokoa ni jirani Mtanzania, ambaye alifanya kazi gereji. Akainamisha kichwa ndani ya boneti, akaguna, akasema, "Shemeji, usukani wako mbona mlaini?" Baba akasema una pampu ya mafuta inayousukuma. "Basi pampu hiyo hiyo iajiriwe kazi ya pili," akasema. "Mafuta yanayosaidia usukani yasaidie na breki. Hewa ya injini achana nayo." Wakapata kifaa chenyewe kwenye gari kubwa lililovunjwa, chuma kizito kama kinu, kinachokaa kati ya pedeli na silinda kuu ya breki. Wakaweka na diski mpya magurudumu ya mbele. Jumamosi asubuhi walikifunga, wakaunganisha mipira yake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Ilibaki kutoa upepo tu kwenye mabomba, ndipo jirani akaangalia saa: zamu yake imefika. Akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nasikiliza kila kitu: "Mmoja akanyage, mmoja afungue nati gurudumuni. Mafuta yatatoka na mapovu. Anayekanyaga asiinue mguu mpaka nati ifungwe, akiinua mapema upepo unarudi ndani. Mnaelewana?" Tukasema tumeelewa. Akaenda.

Haya, nani akanyage? Baba lazima awe chini na spana. Mimi miguu ilining'inia, pedeli niliiona kwa mbali. Mama alikuwa na mikono ndani ya unga, na isitoshe aliapa hamgusi mke mwenza. Ndipo Bibi, aliyekuwa ameleta kiti chake nje kusimamia mambo, akainuka, akafunga kitenge vizuri, akaingia nyuma ya usukani. Miguu ya Bibi ilikuwa imepanda milima na mizigo ya mihogo toka utotoni. Mguu wenye haki ya kazi ile ulikuwa ule.

Weee! Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawachezi. Hawali meza moja, hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, na mkwe hawezi kumwamrisha mama mkwe kama vile hawezi kumpiga. Miaka yote niliyowajua, Baba na Bibi walisemeshana kupitia mtu wa tatu. Chumvi ikiwa mbele ya Bibi, Baba alimwomba Mama, Mama akamwomba Bibi. Tena haifai kabisa mkwe kulala chali miguu imetawanyika na mama mkwe yupo. Basi Mama akaleta kitenge chake cha njano, akakitundika toka kwenye kioo cha mlango hadi kwenye boneti, Baba akajilaza nyuma ya pazia. Wamarekani waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama kabisa.

Na mimi nikawa mjumbe. Baba, chini ya pazia, ananong'ona: "Mwambie Bibi, tunamwomba, kama hajachoka, akanyage." Nazunguka. "Bibi, Baba anasema unaombwa ukanyage, kama hujachoka." Bibi anakanyaga. Baba anafungua nati, mafuta yanatoka, mapovu yanachemka. "Mwambie tunamshukuru, ila asiinue kwanza." Ninapofika mlangoni, Bibi amekwisha kuinua mguu, kwa sababu yeye ni mtu mzima na hakuna aliyemwambia asubiri, na kule gurudumuni upepo, fyuu, umeingia tena. Tukaanza upya. Tukarudia. Nilikimbia mpaka ndala moja ikakatika. Pedeli ikawa laini kama uji wa mgonjwa, inazama mpaka chini bila kukamata kitu. Saa zinaenda, na yule mnunuzi tukamwona amesimama upande wa pili wa barabara, mikono mfukoni, anatusubiri tushindwe. Nilimchukia mtu yule, Mungu anisamehe. Nikachungulia nyuma ya pazia nikamwona Baba ameweka spana kifuani, amefumba macho.

"Mwambie Bibi," akasema, "aksanti, inatosha. Gari liende."

Nikaenda. Nikashindwa kulisema, nikaanza kulia pale mlangoni. Bibi akaniangalia, akaliangalia pazia, akanyoosha mkono akalivuta, pwaa, kitenge cha Mama chini kwenye lami. Baba akaruka kujifunika magoti kwa matambara ya mafuta. Bibi hakugeuza uso. Akasema kwa sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya bonde:

"Bon! Mukwe, sikia! Leo miye siko mama mukwe. Leo niko muguu tu. Muguu hauombwi na hauaksantiwi. Sema, nikanyage!"

Baba akaokota spana yake. Halafu sauti ya Baba, ndogo kwanza, ikatoka: "Kanyaga... mama."

"Siko nasikia!"

"KANYAGA!"

"Njo vile!"

"Kamata! Kamata hivyo hivyo! Acha!"

Ee bwana, siku hiyo Newburg ilisikia mambo. Kanyaga, kamata, acha, gurudumu hadi gurudumu, na kila Baba alipopaza sauti Bibi alijibu kama anajibu wimbo. Mama alikuwa juu barazani, unga mpaka kwenye nywele, mkono mdomoni. Mapovu yakapungua, yakakatika, mafuta yakatoka safi. Pedeli ikapanda juu na kukaza. Baba akawasha injini, akazungusha usukani kushoto na kulia kama jirani alivyoagiza, akatuambia tupande.

Kwanza aliikanyaga kwa nguvu zile zile za zamani. Yalaa! Gari lilisimama kama limegonga ukuta, kilemba cha Bibi kikaruka hadi kwenye kioo cha mbele, na mimi nikajikuta kati ya viti. Kisha Bibi, kichwa wazi mbele ya mkwe wake, jambo lisilowezekana, akaanza kucheka, mwili mzima unacheka, na Baba akacheka kwa mara ya kwanza mbele yake. Mara ya pili alikanyaga kwa ncha ya kiatu tu, mguu mmoja, wa goti bovu, na gari likatii. Mama alishuka mwenyewe akamwambia yule mnunuzi aende kwa amani.

Wiki iliyofuata tukaenda Columbus, mama mdogo na shela yake mbele, Bibi nami tumebanana nyuma. Lile teremko refu la kushukia mtoni kabla ya Cincinnati, Bibi alilishuka macho yamefumbwa, anasali kwa sauti, na malori yanatupita. Alikuwa bado anasali tulipoingia Linden, mtaa wa Columbus. Akauliza mbona njia imekuwa ndefu hivi, tutasimama lini. Kumbe tulikuwa tumekwisha kusimama mlangoni kwa kina bwana arusi, polepole kiasi kwamba hakujua.

Wajomba wa bwana arusi wakatoka kulizunguka gari, wakaligonga gonga, wakauliza, kama ilivyo desturi, nani aliyemleta binti. Baba alikuwa amekwisha kusogea kando, mahali pa mkwe. Bibi akawajibu, "Kijana wangu. Shofere wa Uvira, hamumujue?" Baba akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, akaliangalia muda mrefu sana.

Gari liliuzwa baadaye, goti liliposhinda hata breki ile. Pale maegeshoni Newburg siku hizi hairuhusiwi kufungua hata boneti, na wale waliokuwa wakinusiana vyungu wametawanyika, wengine Texas, wengine huku kwenye theluji kama mimi. Mume wangu na Mama wanapeana chumvi mezani bila mjumbe, na kwa kweli sisikitiki sana, ila namkumbuka yule mjumbe mwenye ndala iliyokatika. Bibi naye hayupo. Siku tuliyomzika wakwe walipangwa upande wao, mbali kidogo na kaburi, kama inavyotakiwa. Baba akapita mbele yao akichechemea, akaenda kusimama na watoto wa marehemu. Wajomba zangu wakasogea wakampa nafasi.