Nusu ya Nta, Nusu ya Kopo

Habari ilinikuta asubuhi stendi ya Bariadi, nikisubiri basi la kwenda Maswa, na aliyeileta alikuwa utingo aliyening'inia mlangoni akipiga bodi kwa kiganja. "Jamani, mwenye gari la bluu hatunaye!" Mama mmoja akachungulia dirishani akauliza, "Yupi, yule wa nta?" Utingo akajibu, "Yule yule wa nta, mayu." Sikupanda basi tena. Niligeuza safari nikaelekea msibani, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu, watu wakinitazama. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, nikifiwa huwa nakunja uso safu nzima. Leo mtanivumilia. Mtu huyu hakuwahi kuniacha nimepoa alipokuwa hai, na sioni kwa nini anipooze kwa kuwa amekufa.

Alikuwa dereva wa chama cha ushirika, enzi zile pamba yote ya huku ilikuwa na mnunuzi mmoja. Soko lilipofunguliwa wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao mpya, ushirika ukanywea, na madereva wakaambiwa warudi nyumbani. Wenzake walidai kiinua mgongo wakazungushwa ofisi hadi ofisi. Yeye akakubali kupewa gari badala yake, gari dogo la bluu la kubeba watu saba, ambalo mabwana shamba walikuwa wamelichosha kwenye barabara za Meatu. Mkewe alilia, akasema watoto hawali magurudumu. Marehemu akaliosha, akalifunga maua ya karatasi, akatangaza kwamba kuanzia sasa hilo ni gari la harusi. Na kweli likawa! Bariadi, Dutwa, Maswa, kila aliyeoa kwa kujionesha alimpeleka mkewe nyumbani ndani ya bluu ile. Lakini miaka hiyo hiyo ndipo magari meupe yaliyotumika Japani yalianza kuingia mjini, na maharusi wakaanza kuyakodolea macho. Aliniambia mwenyewe siku moja, akiwa amepiga magoti mbele ya taa akisugua, "Bluu hii ikifa, na mimi nimekwisha. Nani atampandisha bibi harusi gari la kijivu?"

Zamani hizo gari lilitunzwa kwa dizeli. Unachovya kitambaa, unafuta, linang'aa mpaka kona ya kwanza, halafu vumbi lote la wilaya linahamia juu yake. Marehemu akatafuta njia yake. Kule Kimali warina asali walikuwa wanaleta asali kwa ndoo na masega wanayatupa, basi akawa anayaokota, anayayeyusha nyumbani katika sufuria ya mkewe, anachuja, anachanganya na mafuta ya mbegu za pamba na tapentaini kidogo. Akishapaka, anaacha ikauke, anasugua kwa fulana kuukuu. Nawaambia ukweli, rangi ile iliyokuwa imepauka kama kanga ya kufulia ilirudi nzito, yenye kina, ukiitazama unatamani kuichota na kikombe.

Sasa pembeni ya nyumba yake, ukuta kwa ukuta, palikuwa na duka la vipuri la bwana mmoja Mzaramo aliyekuja na basi kutoka Dar es Salaam kutafuta maisha, akaoa hapa hapa, akabaki. Mswalihina wa kofia safi na mdomo mchafu. Kwa asiyejua, Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na tusi la mtani halina kesi mahali popote. Wawili hawa waliamkiana kwa matusi. Mmoja anasema "Mwangaluka, mla papa," mwenzake anaitikia, "Salama, mchunga ng'ombe, umenawa leo?" Biashara ilipolegezwa, mwenye duka akawa wa kwanza mjini kuleta polishi za kiwandani, makopo yaliyopangwa dirishani yakiwa na picha ya gari jekundu ambalo halijawahi kuonja vumbi la Simiyu. Kila akipita mteja anamnyooshea kidole jirani yake. "Zama za masega zimekwisha, ndugu yangu. Sasa hivi ni kemikali!"

Mambo yalilipuka Binza, pale Maswa, kwenye harusi ya mwalimu mmoja. Marehemu alikuwa na haraka, nta hakuichuja vizuri, na jua la mchana likapiga boneti mpaka harufu ya asali ikatoka. Nyuki wakaja. Kwanza wachache, halafu ukoo mzima. Bibi harusi yuko ndani ya gari na shela lake, nyuki wako juu ya boneti wamejaa tele, kwaya imekimbilia nyuma ya duka, na bwana harusi amesimama mbali akimpungia mkewe mkono kama anayemsindikiza safari. Walisubiri jua lipungue ndipo wakamtoa. Marehemu hajafika hata Bariadi, habari zimetangulia, na mtani wake anamsubiri barabarani ameshika tumbo kwa kicheko.

"Mtani, unapaka gari asali halafu unashangaa nyuki?"

"Si asali, ni nta. Mtu wa pwani utajuaje? Ninyi kila kitu mnapaka nazi."

"Basi nigawie boneti. Nusu yako, nusu yangu. Kopo na sega, tuone nani mwanaume."

"Chukua! Ila ukiniharibia bluu yangu, hata utani hautakuokoa."

Wakafunga kamba ya katani kutoka kwenye kioo cha mbele hadi kwenye bampa, katikati kabisa. Upande wa dereva nta, upande wa abiria kopo. Jamani, mji huu uligawanyika! Stendi palikuwa na chama cha nta na chama cha kopo, na ubishi wake ulizidi ule wa vyama vingi tulivyokuwa tumeruhusiwa karibuni. Mimi nilikuwa mtu wa kopo, tena wa mstari wa mbele, kwa sababu miaka ile kila kilichotoka nje kilinipagawisha. Katekista wa parokia alikuwa wa nta, kwa hoja kwamba Mungu aliumba nyuki, hakuumba kopo. Mama ntilie walihamia upande unaokula zaidi.

Kiangazi kikawa chetu. Msimu wa pamba ulipofika, malori yalipita Dutwa yamejaza mpaka juu, nyuzi zinapeperuka, na marehemu alikuwa akienda na kurudi barabara ile ile na maharusi wake. Polishi ya kopo hukauka ikawa ngumu na yenye kuteleza kama kioo, kitu hakishiki. Nta yenye mafuta hulainika juani na kukamata kila kinachopita. Gari lilirudi nusu ya boneti inametameta, nusu nyingine imeota ndevu nyeupe! Tulipiga vigelegele. Mtani alitoka dukani na wembe mkononi, akaomba ruhusa ya kumnyoa babu. Marehemu alisimama kidete, mikono kiunoni. "Upande wangu umezeeka kwa heshima. Wako umebaki kitoto." Lakini nilimwona jioni akitoa pamba ile uzi mmoja mmoja kwa kucha.

Zikaja mvua. Maji yalidondoka juu ya boneti yakawa shanga pande zote mbili, tukakodoa macho, hakuna tofauti. Mvua ilipokatika, mtani akaona ndiyo nafasi ya kumaliza mchezo. Akatoka na kitambaa cheupe kipya na kopo lake, akapaka, akaanza kusugua mbele ya umati kwa madaha, akiimba. Alipokinyanyua kitambaa ili tuone usafi wake, kilikuwa cha bluu. Baadaye ndipo tulielewa kwamba makopo hayafanani: yapo ya kukinga, na yapo yenye chembe laini za kukwangua rangi iliyochakaa, na ukitumia haya ya pili kila wiki unakula gari lenyewe. Wakati ule hatukujua. Tulichoona ni marehemu akisogea, akapitisha kidole kwenye ukingo wa boneti, mahali ambapo kijivu cha chini kilikuwa kimeanza kuchungulia. Hakucheka wala hakutukana. Alisema polepole, "Mtani, unanila."

Chama cha nta kilikuwa kimeshashinda, na hakuna aliyeshangilia. Mtani alikunja kitambaa chake akakitia mfukoni. Angeweza kuacha mambo yalivyo, kwa maana gari la bluu likifa yeye hapungukiwi kitu, na kijana mmoja aliyekodisha gari jeupe kwa maharusi alikuwa mteja wake mzuri wa vipuri. Kesho yake alipanda basi la Mwanza. Alirudi na kopo la aina nyingine, lisilo na chembe, akalisugua kwanza kwenye mlango wa duka lake mwenyewe akitazama kitambaa, akasugua tena, akatazama tena. Aliporidhika ndipo akavuka ukuta. "Hili halili," akasema. Marehemu akashukuru, "Wabeja, mla papa." Na yeye naye wiki ile alichuja nta yake mpaka ikakosa harufu, akapunguza mafuta ya pamba, ndevu hazikuota tena.

Tangu hapo shindano halikuisha. Kila mmoja alitunza nusu yake, mwaka baada ya mwaka, kamba ilishatoka zamani lakini mpaka waliujua kwa macho. Mkiniuliza leo kipi bora, nitawajibu kama mtu aliyekaa miaka akitazama boneti moja. Kopo zuri hukaa muda mrefu, halishiki vumbi, halitishwi na jua. Nta huondoka na sabuni, inataka urudie rudie, lakini inailisha rangi kuukuu na kuipa joto ambalo kopo halina. Wapiga picha walikuwa na uamuzi wao: bibi harusi walimsimamisha upande wa nta, kwa sababu upande wa kopo ulirudisha jua kwenye kamera. Wavulana wote walitaka kupigwa upande wa kopo, wajione ndani ya rangi yake kama kwenye kioo.

Na maharusi hawakukimbia! Hilo ndilo linalonichangamsha mpaka leo. Magari meupe yalijaa mjini, lakini watu walikodi la bluu ili nao wapate la kubishania siku ya harusi yao. Nimewaza sana juu ya hili. Soko lilipofunguliwa tuliambiwa ushindani ni dawa, na wanunuzi wa pamba waliingia kwa vishindo, wakashindana kweli, wakafukuzana mpaka wakabaki wachache, na waliobaki wakatupangia bei wanayoitaka. Tukajifunza kwamba kushindana ni kummaliza mwenzako. Lakini pale kwenye duka la vipuri, ukuta kwa ukuta, palikuwa na watu wawili walioshindana kwa nguvu zaidi ya hao wote, kila siku, kwa matusi, na ndiyo sababu rangi ya gari moja ilibaki hai.

Basi nikafika msibani. Umati ulikuwa mkubwa, wanawake wanalia, jeneza limeshatolewa ndani na kupakiwa kwenye pikapu, na gari la bluu limewekwa mbele liongoze msafara kama lilivyozoea kuongoza harusi. Mtani alikuwa ameketi juu ya boneti, miguu inaning'inia, kofia safi kichwani. Kagoma kushuka. Watani ndio wenye ruhusa hiyo, na kila mtu alijua inabidi apewe anachotaka kabla maiti haijaondoka.

"Haendi mtu!" akapaza sauti. "Huyu kaona anashindwa, kakimbia. Mchunga ng'ombe gani anaacha zizi wazi? Leteni kopo lake la nta, la sivyo tutalala hapa."

Watu wakaangua kicheko, hata mjane, machozi yakiwa bado yanatiririka. Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa lililojaa nta na fulana kuukuu. Mtani akashuka. Sote tulidhani atafanya kioja, ataimwaga, ataipaka usoni. Akakunja mikono ya kanzu, akachota nta kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akavuka kwenda upande wa dereva. Akapaka, akasubiri ikauke, katekista akiwa amefunga kitabu chake bila kumharakisha. Akasugua polepole, kwa mizunguko midogo, kama marehemu alivyokuwa akisugua. Kicheko kiliisha taratibu, na mimi tabasamu langu la njia nzima lilinitoka nikalia.

Mjane akamwambia, "Shemeji, upande wako nao una vumbi."

"Uache," akasema. "Leo siwezi kumshinda mtu aliyelala." Akafunika kopo la nta, akalitia chini ya kwapa. "Hili naondoka nalo. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nitakuja kumpakia upande wake. Bila yeye, mimi ninamshinda nani?"

Kama unaye mtu anayekubishia kila siku kazini kwako, sokoni kwako, ukuta kwa ukuta na wewe, nenda ukamwangalie leo kama ni mzima. Jana ilikuwa Ijumaa, nikapita pale kwa makusudi. Nusu ya nta ilikuwa inang'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Nusu ya kopo ilikuwa na vumbi.